Waya Chini ya Mbao

Kadavu

Kaka yangu Vilikesa,

Pokea salamu zangu huko ng'ambo kwenye mashamba ya mipea. Natumaini mgongo umepata nafuu na baridi ya huko haijakushinda. Sisi huku miili ni mizima. Shangazi Taraivina anakusalimu sana, muhogo umetoka vizuri, na mwanangu ameanza kuota meno, hivyo halali wala halazi mtu.

Ningekupigia simu, lakini unajua mtandao unapatikana pale juu karibu na kanisa tu, na ukizungumza pale umezungumza na kijiji kizima. Haya si ya kijiji kizima.

Ni kuhusu kile kioo cha umeme cha kutafutia samaki ulichotuletea Krismasi. Kimeanza kuzimika. Baba na Sailosi wakiwa wametulia kule nje wanavua, kinaonyesha kina cha maji na samaki bila tatizo. Wakirudi, mara kinazimika, kinawaka, kinazimika tena, na mara nyingi ni pale pale kwenye mlango wa mwamba, ule upenyo wa kupitia boti, ambapo ukikosea kidogo umekwisha. Sailosi, unavyomjua binamu yetu kwa mdomo, alikuwa akisema, "Televisheni ya Vilikesa inasinzia kama mzee kanisani." Lakini juzi walirudi pangaboi la injini limemeguka, na Sailosi hakutania tena. Aliosha samaki akaenda kwao.

Tangu hapo moyo wangu haukutulia. Kila wakitoka nasimama ufukweni na mtoto mgongoni, nasikiliza injini mpaka masikio yananidanganya.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza betri za sola za zahanati, nilimwomba Baba aniachie boti nilitazame. Alisita, kisha akasema nisifunue funue vitu. Nilidhani ni betri, nikaijaza umeme zahanati. Hali ikawa ile ile. Nikasugua vichwa vya betri vilivyoshika kutu ya kijani, nikabadilisha fyuzi, bado. Ndipo nikachukua kipimo cha umeme. Kwenye betri umeme ulikuwa wa kutosha, na nyuma ya kioo pia. Nikawasha injini, nikakaa nimekitumbulia macho. Ghafla kikazimika. Nikapima: betri ni nzima, lakini umeme unaofika kwenye kioo umeshuka mno. Kwa hiyo ulikuwa unapotelea njiani, ndani ya waya.

Wakati huo huo nikasikia kitu kinanguruma chini ya miguu yangu, na maji yakaanza kutemwa ubavuni mwa boti.

Baba alikuwa nyumbani akishona wavu. Nikafunua mbao za sakafu. Kaka, kule chini kuna pampu ya kutolea maji ambayo mimi na wewe hatukuijua. Imeungwa kwenye waya ule ule wa kioo, mwembamba kama kamba ya kiatu. Maji yakipanda inajiwasha yenyewe na kunyonya umeme wote. Wakiongeza mwendo mlangoni, pua ya boti huinuka na maji hukimbilia nyuma iliko pampu, basi kioo kinakufa pale pale kinapohitajika. Nikapitisha mkono nijue maji yanatoka wapi, nikagusa ufa mrefu kama mkono wangu, umepakwa lami.

Nilimfuata Sailosi nikamuuliza ni nini Baba anaficha. Alitazama pembeni, akasema hajui. Nikamwambia kama hajui yeye, nitamuuliza mkewe mbele ya watu. Akakaa chini. Alisema Baba aliligongesha boti mwambani mchana kweupe, bahari imetulia, hata kabla kioo hakijaanza kuzimika. "Haoni, Losa," akaniambia. "Alama za mlangoni anazitafuta kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Mimi ndiye ninayemsomea namba za kioo. Kikizimika, sisi wote wawili ni vipofu." Baba alimwapisha wakinywa bakuli la kava asiseme kwa mtu.

Sasa nikukirie lililo langu. Sailosi aliziba ule ufa kwa kitambaa cha faiba na gundi, na mimi niliipa pampu waya wake mnene na fyuzi yake. Kioo kikapona, hakizimiki tena. Lakini Baba nilimwambia kimeungua ndani, kimekufa, na asitoke mpaka wewe ulete kingine. Nimemdanganya, Kaka. Kila asubuhi alikuja kukipapasa kama mtu anayempima mgonjwa homa, akiniuliza kama kuna matumaini, nami nabonyeza swichi huku fyuzi ya kioo nimeifunga kwenye kanga yangu. Niliogopa siku moja nitaamka nikute boti halipo.

Jana alinikuta botini nikiijaribu pampu. Akasimama akisikiliza, halafu akasema, "Hiyo pampu siku hizi inanguruma kwa nguvu. Umeipa waya wake." Nikazima swichi. Akasema, "Kama umeijua pampu, na kioo umekitengeneza. Sailosi amekuambia?"

Nikasema ndiyo. Nilitegemea anifokee. Alikaa kwenye ukingo wa boti, akaniamuru nirudishe fyuzi. Nilidhani anataka kutoka peke yake, nikaanza kulia. Akaniambia, "Acha kelele. Shika usukani. Leo unajifunza mlango."

Alikaa mbele, uso kwenye upepo. Mawimbi yalikuwa yanavunjika kulia na kushoto. Nilimsomea namba kwa sauti, naye akawa ananiambia, kushoto kidogo, usiogope, hapo ngoja, haya nenda. Tulipotoka nje alichota maji ya bahari akaosha uso, akaendelea kuuosha, nami nikageuka nikatazama upande mwingine.

Amekubali kwenda mjini Suva kuonwa na daktari wa macho. Ila anataka wewe ndiye umlazimishe, asije akaonekana amemtii binti yake. Basi ukipata barua hii piga simu, na uwe mkali. Mimi nitakuwa pembeni nikijifanya sijui lolote.

Kula vizuri, vaa sweta. Tunakuombea.

Ni mimi mdogo wako,
Losalini