Masharubu ya Mwelekezi

Namuwongo, Kampala
Jumatano, 14 Aprili 1999

Kwa ndugu yangu Sebit,

Asalaam aleikum, nawe uitikie hata kama umenuna, maana salaam haikumkosea mtu. U mzima? Rukiah mzima? Na huo mgongo uliouacha chini ya magari ya watu hapo Nairobi, bado unakuamsha alfajiri kabla ya mwadhini? Sisi huku tunapumua. Nitakueleza tunavyopumua.

Kwanza napenda kutangaza, kwa heshima zote na masikitiko makubwa, kwamba masharubu yangu hayako nasi tena. Yametutoka Jumapili alasiri yakiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Yameacha mdomo mmoja wa juu, ambao Phelister anasema katika ndoa yetu yote hakuwahi kujua kwamba umepinda, na kwamba angeuona mapema angewarudishia wazee wangu ng'ombe wao. Mazishi hayakufanyika. Nesi aliyafagia pamoja na pamba.

Cheka, lakini usiikunje barua. Nitayarudia masharubu.

Hapa gereji ubishi wetu ni ule ule. Wiki iliyopita Ogwal, fundi wetu wa bodi, alikuja na gazeti la zamani akatangaza kwamba gari kuu la mbio tangu dunia iumbwe ni Lancia Stratos. Nikamwambia hilo lilishinda Ulaya kwenye theluji na lami, likaja mbio za Safari mara kadhaa, likarudi kwao bila kikombe. Akasema basi Audi. Nikamwambia gari kuu ni lile linaloweza kubeba bibi harusi Jumamosi, magunia ya mahindi Jumatatu, na katikati yake, Jumapili, likashinda mbio, nalo ni Peugeot 504. Wote wakanizomea. Mmoja akasema laiti Mzee Sebit angekuwepo angenimaliza kwa neno lake moja: Datsun 160J, Safari nne mfululizo, funga mdomo. Tumebishana hilo, mimi na wewe, tangu tulipokuwa tunalala chini ya turubai moja kwenye vituo vya huduma, tukisubiri magari yatoke vumbini.

Ndiyo maana najua Datsun ile ilikuwa nini kwako. Uliijenga kwa mikono yako miaka mitano. Ulipomkabidhi Yasiin mdogo wako ufunguo pale Malaba, ulimwambia mbele yangu kwamba gari hili halijawahi kumwangusha dereva, ni dereva tu anayeweza kuliangusha. Akaitikia kama anayekula kiapo.

Jana Husnah alikupigia simu kutoka kibandani kukueleza kuhusu mume wake Yasiin. Ananiambia ulimsikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema umekwisha kuambiwa yote na watu waliosoma ripoti ya polisi, kwamba Yasiin alikimbiza Subaru ya matajiri kwa kiburi, kwamba hakumsikiliza mwelekezi wake, na kwamba mtu wa namna hiyo asikuite kaka. Ukakata simu. Alipopiga tena hukupokea.

Sikulaumu. Lakini kuna jambo ambalo Husnah hakuwahi kulifikia kabla hujakata.

Mguu wa kulia wa Yasiin, kuanzia chini ya goti, umekuwa mweusi. Madaktari wamesema jana, na wamerudia leo asubuhi, kwamba ukatwe, na usipokatwa kufikia Ijumaa adhuhuri, sumu itapanda na hakutakuwa na mguu wala mtu. Yasiin amekataa. Homa inamtikisa hadi kitanda kinalia, lakini amekataa. Anasema mwili huu ni wa baba yenu, na baba akiwa kaburini Bombo anayesimama mahali pake ni wewe. Bila neno lako, lililotoka mdomoni mwako akikuona, hakatwi hata ukucha. Wazee wa kwenu wamekuja, wamemsihi, wakaishia kutikisa vichwa, kwa sababu anaposema desturi ni hiyo hawawezi kumwambia siyo. Imamu amemwambia Mungu hapendi mtu ajiangamize. Yasiin akamjibu, kwa adabu, kwamba yeye hajiangamizi, anasubiri kaka yake.

Na mimi nakaa kwenye kiti cha plastiki kando yake, namwambia njiani unakuja. Nimemdanganya hivyo siku mbili. Kila mlango wa wodi ukilia anageuza shingo.

Kwa hiyo, Sebit, sikuombi umsamehe. Husikii ninachosema? Sikuombi umsamehe, kwa sababu hana kosa la kusamehewa. Sasa nirudi kwenye masharubu.

Unajua mwelekezi hufanya nini. Wewe ndiye uliyenifundisha. Siku chache kabla ya mbio tunapita njia polepole, mimi naandika daftarini kila kona, kila daraja, kila kilima. Siku ya mbio nasoma kwa sauti na dereva anaendesha kwa masikio. Mbele ya kilima haoni kitu. Anaona ninachomwambia.

Mwaka huu macho yangu yamegoma. Herufi zinaogelea. Nilikwenda soko la Owino nikajaribu miwani kwenye lundo la mitumba, na iliyonifaa ilikuwa moja tu: ya kike, fremu ya waridi, imeinuka pembeni kama masikio ya paka. Nikainunua. Siku ya kwanza kuivaa gereji, Ogwal alinipisha mlangoni akaniita nyabo, kama mama mtu mzima, akaniuliza watoto wangu wanasoma darasa la ngapi. Watu wakalala chini kwa kicheko. Nami nilicheka kuliko wote, wajua nilivyo. Sikuivaa tena hadharani.

Jumatano ya kupima njia niliivaa, maana tulikuwa wawili tu garini. Yasiin hakucheka. Alisema inanipendeza, akaendelea kuendesha. Niliandika vizuri. Nikisha kuandika, jioni zote nilikariri daftari kama mtoto wa madrasa, kwa alama za njia: kanisa la mabati, kona kushoto, mfenesi mkubwa, nyoosha, duka jekundu, kilima, na nyuma ya kilima daraja la magogo, breki kabisa.

Jumapili kwenye mstari wa kuanzia kulikuwa na umati. Wapiga picha, mabinti, na gereji yetu nzima ikiongozwa na Ogwal. Nilifungua daftari mapajani, uso mtupu, masharubu yamechanwa. Miwani ilikuwa Namuwongo kwenye sanduku la vifaa, chini ya spana kumi na tatu, imefungwa kwenye kitambaa cha grisi.

Tulikwenda vizuri sana, Sebit. Laiti ungemwona mdogo wako. Hakuwa anamkimbiza mtu yeyote. Alikuwa akisikiliza, mkono unafuata neno langu kabla sijalimaliza. Tukapita kanisa, tukapita mfenesi. Nikawa nasubiri duka jekundu. Duka jekundu halikuja. Nikamwambia nyoosha, bado. Likapita duka la manjano, jipya linang'aa. Nikamwambia nyoosha, kanyaga.

Kati ya Jumatano na Jumapili watu wa simu za mkononi walikuwa wamelipaka duka lile rangi yao. Ukurasa wangu ulisema kilima, daraja, breki, kwa herufi kubwa, nami nilikuwa nimeushika mikononi. Sikuweza kuusoma.

Tulipaa. Tulibingirika mara tatu hadi kwenye mafunjo, tukasimama magurudumu juu. Maji ya kinamasi yalikuwa yakiingia na injini ya Datsun yako ilikuwa bado inanguruma, haijakohoa hata mara moja. Mimi ndiye niliyeizima kwa mkono wangu. Umeshinda ubishi, kaka. Sitautaja tena.

Yasiin, mguu umebanwa na chuma, aliniuliza kwanza kama niko hai. Halafu akauliza kama nilikuwa nimevaa miwani. Nikamwambia ndiyo, imeanguka majini. Akafumba macho akasema basi kosa ni lake, alikwenda kasi kuliko mdomo wangu.

Mdomo huo ulikuwa umepasuka, ndipo nesi akanyoa masharubu apate kushona. Jumatatu nilikwenda nao kituoni Naguru. Afisa akaniuliza kama dereva alinisikiliza. Nilikuwa na nyuzi saba mdomoni, na kila mtu angeelewa kama ningeshindwa kujibu. Nilijibu. Nilisema, bwana afisa, alikuwa na haraka. Maneno hayo ndiyo yaliyokufikia wewe.

Barua hii nampa Omolo, konda wa basi la saa tisa. Atakufikia Alhamisi asubuhi na hataondoka mlangoni kwako mpaka umeisoma. Amekuwekea kiti cha kurudi jioni hiyo hiyo. Ijumaa alfajiri utakuwa Kampala. Mimi nikitoka kwa Omolo napanda Naguru kuibadilisha ripoti, kisha nakwenda wodini kumwambia Yasiin nilichokuambia. Ukifika, unipige kwanza kama utapenda, ila usichelewe sana kwangu. Yeye ndiye anayeangalia mlango.

Mpe Rukiah salamu zetu, mwambie tunakumbuka mikate yake ya gurusa. Phelister anakusalimu, ameisoma barua hii begani kwangu na kwa mara ya kwanza hana utani. Husnah anakusalimu hata baada ya ile simu.

Nimeiandika nikiwa gereji, mchana, wote wananiona, miwani ya waridi usoni. Ogwal amepita mara mbili. Hajaniita nyabo.

Ni mimi niliyekuwa macho ya ndugu yako,
Sifuna