Jina la Mbasa kwenye Chungu cha Mama

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefundisha vipindi vinne vya Baiolojia, kisha nyumbani kwenye udongo. Mama amefinyanga vyungu vitatu vya maabara mpya ya shule yetu, kila kimoja na samaki wake wa Ziwa Nyasa. Mimi namwandikia majina ya kisayansi kwenye karatasi, yeye anayachora kwa kijiti kabla udongo haujakauka. Leo kagoma. Hachori neno asilojua maana yake. Ndivyo walivyo Wakisi, wafinyanzi wa ziwani: Mkisi na chungu chake! Haya, kamusi.

Jumatano, 6 Agosti
Kambale, *Clarias gariepinus*. Neno la kwanza, mchangamfu. La pili, wa mto Gariep, kusini kabisa mwa Afrika. Mama kauliza kambale wetu wa Kyela kaenda huko lini. Kachora hata hivyo.
Dagaa, *Engraulicypris sardella*. Hilo la mwisho ni sadini mdogo, samaki wa baharini. Dagaa wetu bahari hawaijui. Mama kacheka mpaka kijiti kikamponyoka. Raha tupu.

Alhamisi, 7 Agosti
Mbasa. *Opsaridium microlepis*. Kisamaki chenye magamba madogo.
Kisamaki! Mbasa, ambaye hapa kwetu mgeni akipikiwa anajua kaheshimiwa. Angesikia hivyo, Mama angekifinyanga upya chungu kizima. Nikamwambia maana yake ni mfalme wa samaki. Kachora herufi kubwa kuliko zote.
Nimemdanganya mama yangu. Basi.

Alhamisi, 14 Agosti
Vyungu vimechomwa leo, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Vizuri mno. Mkuu wa shule kaja kuviona, kamwomba Mama awaeleze wageni maana ya majina siku ya ufunguzi, Jumamosi. Mtaalamu wa uvuvi atakuwepo. Mama yuko jikoni anafanya mazoezi kwa sauti: mfalme wa samaki, mfalme wa samaki. Atachekwa mbele ya watu, na kosa ni langu.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimemwambia ukweli. Nimelia, mtu mzima mimi. Kaendelea kumenya ndizi. Afadhali angenitukana. Sijui kama kesho atakuja.

Jumamosi, 16 Agosti
Kaja! Kitenge kipya, kilemba juu. Jina la kambale kalieleza. La dagaa kalieleza, watu wanacheka. Alipofika kwenye la mbasa akanitazama. Nikajua nimekwisha.
“Hili maana yake kisamaki,” akasema. “Mwanangu aliona haya kuniambia. Mimi namsamehe. Aliyempa mbasa jina hili hakuwahi kumla, naye namsamehe.”
Vicheko, vigelegele. Mtaalamu kavua miwani afute machozi. “Ndaga fijo, mama,” kasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akakiri kuwa jina ni hilohilo, na mwanzoni yeye pia lilimuudhi. Nina furaha!

Jumapili, 17 Agosti
Kanisani, kisha wali na mbasa, mimi na Mama tu. Kauliza sisi watu tunaitwaje kwenye hivyo vitabu. *Homo sapiens*. Maana yake? Mtu mwenye hekima.
Akatafuna polepole. Akauliza ni nani aliyetuita hivyo. Nikamwambia tulijiita wenyewe.
Akaniongezea mchuzi.