Nachilima Hayumo Ukutani

Mjukuu wangu Upendo,

Bibi yako anakusalimu, na mahindi yamekomaa. Mimi nguvu zimeniishia.

Umeuliza kama yule aliyechorwa katikati ya ukuta wa ukumbi wetu wa zamani wa maigizo ni mimi. Ni mimi, na sistahili. Kikundi chetu cha maigizo alikianzisha mwanamke, Nachilima, Mnamwanga mwenzetu wa upande wa Zambia. Kila Jumamosi alivuka mpaka kuja kutufundisha. Siku tuliyoalikwa kuigiza mbele ya wakubwa, nilimzuia mlangoni.

"Wewe ni wa ng'ambo," nikamwambia.

"Acha utani, kaka. Bibi yetu si mmoja?" Alicheka.

Sikuwa natania. Niliitaka sifa ile peke yangu. Hakuvuka tena.

Kabla ya kuuchora ukuta, mchoraji alinionyesha picha ya zamani ya kikundi chetu, akauliza yule mwanamke ni nani. Nikasema simkumbuki. Baadaye nilimsihi amwongeze.

"Mzee, mgeni rasmi ameshauzindua mchoro," akanijibu.

Nachilima alishafariki. Sina wa kumwomba radhi, ndiyo maana nakuandikia wewe. Watu wananipongeza njiani, nami hata leo asubuhi nimeitikia, "Asanteni."

Babu yako