Hatutalizoea Gugu Karoti

Mdogo wangu Eliwaza,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia ndani ya barua, na barua imenifikia ndani ya kitambaa cha meza ulichonishonea. Mwalimu mgeni aliyeshuka bandarini Kilindoni ndiye aliyeniletea. Kitambaa nimekitandika. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira.

Kifua chako kimepoa? Na goti la shemeji bado linatabiri mvua? Mimi mzima. Macho huchoka jioni, ila meno yangali yanatafuna muhogo wa kuchoma.

Umeniambia mambo mawili. Kwamba tangu marehemu mume wangu azikwe huku sina cha kunishika Mafia, nirudi nyumbani. Na kwamba shamba la mama limefunikwa na gugu karoti kutoka mtoni hadi barabarani, lakini “tumeshalizoea”. Hilo la kwanza ningelijibu kwa upole. La pili ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Gugu hilo limeshafika huku, Eliwaza. Nililiona pembeni ya uwanja wa mpira, palipomwagwa kokoto za ujenzi zilizotoka bara. Majani yaliyochanika kama ya karoti, maua meupe madogo kama chenga za mchele. Wenyeji walilipenda kwa sababu mbuzi hawaligusi. Jirani yangu Bi Mwanahawa, mjane kama mimi, huchuma mchunga chini ya minazi yake na kuuza mafungu. Aliliacha gugu lizunguke sehemu ile yote liwe ua wa kuzuia mbuzi. Lilipozidi alilikata, akatandaza majani yake juu ya mchunga upate kivuli. Mchunga unaujua, ile mboga chungu aliyokuwa akituchemshia mama. Huku wanauunga kwa tui la nazi. Hakuna anayeupanda, hujiotea wenyewe. Mwaka huu haukujiotea.

Bi Mwanahawa alisema ardhi imechoka. Wengine wakanong'ona habari za jicho baya. Mimi nikaketi naye barazani, nikamweleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Mimea yote hugombania maji na jua, na huo ni ugomvi wa haki. Gugu hili lina silaha ya ziada. Ndani ya majani na mizizi yake mna kemikali. Mvua ikinyesha huziosha zikaingia udongoni, na majani yakioza huongeza nyingine. Mbegu ya jirani ikizinywa, ama haichipui, ama huchipua na kamzizi kafupi kasikofika penye unyevu. Kwa hiyo yale matandazo yake yalikuwa yanautilia sumu mchunga uleule aliotaka kuukinga.

“Mwalimu,” akaniambia, “wewe umestaafu. Hebu mdomo nao ustaafu.”

Nikaloweka majani ya gugu kwenye ndoo. Nikaweka choroko juu ya vitambaa viwili, kimoja nikakinyunyizia maji yale, kingine maji ya kisima. Za kisima zikachipua vizuri; za gugu nyingi zikalala tu. Bi Mwanahawa akazitazama, akasema choroko ni kitu cha dukani, hakijui kuishi hapa, nimwonyeshe mchunga. Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Mmea mmoja hauwezi kuutolea mwingine ushahidi. Nikamwambia ajaribu mwenyewe.

Akachimba mizizi ya mchunga nyuma ya msikiti, ambako gugu halijafika, akaipanda kwenye vifuu vya nazi vilivyotobolewa chini. Vingine akavimwagilia maji ya kisima, vingine maji ya gugu. Akaviweka nyuma ya jiko lake na kunikataza kusogea, nisije nikavifanyia ujanja wa kitabuni.

Asubuhi moja akaja mlangoni kwangu na vifuu viwili mikononi. Kimoja kilikuwa na majani ya kutosha kuchuma. Kingine kilikuwa na jani moja la manjano, limejikunja. Akaviweka juu ya mkeka.

“Kumbe nimelilea mwenyewe,” akasema.

Nikamwambia basi tuling'oe, tuanzie penye kokoto, maana pale lilikuwa linakaribia kumwaga mbegu. Kwanza nilikwenda ofisi ya kijiji kwa adabu. Kijana wa pale akanijibu kwamba kokoto zina mwenyewe, tusubiri mtaalamu kutoka bara aje kuthibitisha. Nikamweleza kwamba mche mmoja humwaga mbegu maelfu, nazo hukaa udongoni miaka zikingoja mvua. Akaniomba niwe na subira. Subira ninayo, nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Maua ndiyo hayana.

Kesho yake tukaenda, mimi, Bi Mwanahawa na majirani, wote wanawake. Tulivaa mifuko ya plastiki mikononi, kwa kuwa gugu linawasha, na kanga tumejifunga puani. Tuling'oa na mizizi yake udongo ungali na maji, tukafunga mafungu, tukachoma. Kijana akaja na pikipiki, akauliza nani ametupa kibali.

Bi Mwanahawa hakuinua hata mgongo. “Mwanangu, na hili gugu lilipoingia, kibali ulilipatia wewe?”

Akasema ataandika taarifa. Aandike.

Litaota tena, najua. Kila baada ya mvua tutakuwa pale. Chini ya minazi tumeshaondoa matandazo yote, na mchunga bado unasitasita. Tunaungoja.

Kwa hiyo sirudi kuja kukaa ukumbini kwako nikitazama shamba la mama kupitia dirishani. Wala usiniandikie tena kwamba mmelizoea. Anza wewe, hapo mlangoni, kabla halijachanua, na ujifunge kitambaa puani kwa ajili ya kifua chako.

Nisalimie shemeji na goti lake, mkweo anayefuga kuku, na shangazi yetu mkubwa. Mwambie sala zake zinafika mpaka huku ng'ambo ya maji.

Nitakuja mvua zikianza, na nitarudi huku zikiisha. Nitakuja na Bi Mwanahawa na mifuko yake ya mikononi. Hajawahi kuona mlima. Ameniuliza kitu kimoja tu, kama kwetu kuna mchunga. Nimemwambia ulikuwepo.

Dada yako,
Aneth