Usukani Unaotikisika Ukikanyaga Breki

Mdogo wangu Eliya,

Naomi amemwaga uji sasa hivi kwenye kiatu cha baba yake, halafu akajipigia makofi. Sisi ni wazima, na mama kule Nkoaranga anakusalimu sana.

Umeuliza kwa nini gari lako linatetemeka ukifunga breki. La kwetu lilikuwa hivyohivyo, na yule fundi wa Kaloleni bado ananikera. Alibadilisha shokapu bila hata kuliendesha. Nikamwambia usukani unatikisika tukikanyaga breki tu. Akacheka: "Shemeji, gari la zamani lazima litetemeke, ni kama bibi yako."

"Bibi yangu hambebi Naomi kushuka mlimani," nikamjibu.

Fundi wa pili aliliendesha kwanza, ndipo akafungua magurudumu ya mbele. Diski za breki zilikuwa zimepinda. Tulikuwa tunashuka Nkoaranga mguu juu ya breki, tukifika chini tunayamwagia magurudumu maji ya mfereji kabla hayajapoa. Huku wote tunafanya hivyo, tunaona ni usafi, kumbe chuma cha moto kikipata maji baridi ghafla hupinda.

Wewe shuka na gia ndogo. Na fundi asiyetaka kukusikiliza, chukua ufunguo wako uondoke, usione aibu, maana atakayeshuka nalo ni wewe, si yeye, na mimi nina mdogo mmoja tu. Sasa Baba Naomi ananiita, ngoja niishie hapa.

Dada yako