Adabu Mbele ya Hakimu

Jumatatu, 9 Juni

Keshokutwa Sisimizi, binti wa mdogo wangu, anatoa ushahidi. Leo afisa ustawi katupeleka kuiona mahakama ikiwa tupu. Ni mwanamke mpole, ana peremende mkobani. Kamwonyesha mtoto kiti chake — kifupi, miguu inafika chini — na pazia litakalomkinga asimwone baba yake. Hakimu atavua joho. Mawakili watauliza wakiwa wamekaa. Kumbe watu huwa wanafikiria! Mimi nitakaa kando ya mtoto, ila mdomo nifunge.

Na nyumbani nisimfundishe hata neno. Aseme alichokiona, basi.

Alichokiona. Alikuwa amekaa juu ya ngazi siku mama yake alipoanguka. Wifi yangu hakuamka tena. Mdogo wangu anasema mkewe aliteleza. Sisimizi anasema baba alimsukuma.

Mdogo wangu huyo nimembeba mgongoni mimi.

Jumanne, 10 Juni

Mama yangu kaja na begi lake, hata hali hakunijulia. Kamweka mjukuu wake chini, anamsuka, na huku anamwambia polepole: mama yako aliteleza, bibi anajua. Nikasema mama, tumekatazwa. Akauliza aliyenikataza ndiye aliyenizaa?

Akamaliza kusuka. Nywele zimependeza, haki yake nimpe.

Sina raha. Nikisimama na mtoto namfunga ndugu yangu. Nikisimama na ndugu yangu, huyu mtoto nitamtazama kwa macho gani?

Jumatano, 11 Juni

Nimechoka mpaka mifupa.

Waliyoahidi yote waliyafanya. Pazia lilikuwepo. Hakimu, naye mwanamke, alishuka akakaa karibu naye, sauti kama ya mama anayebembeleza. Sisimizi akamwamkia shikamoo. Hakimu akatabasamu, marahaba. Mpaka hapo nilikuwa nashukuru Mungu.

Halafu akataka kujua kama mtoto anatofautisha ukweli na uongo. Akasema: nikikuambia leo nimekuja kazini nimepanda tembo, huo ni ukweli au uongo?

Sisimizi akanitazama. Akatazama viatu vyake. Akasema, ni kweli, mama.

Hakimu akarudia. Ni kweli, mama.

Akabadilisha: na nikisema wewe ni mvulana? Machozi yakaanza kumlengalenga. Ni kweli.

Nilitamani kupasuka. Huyu ni mtoto anayenisahihisha mimi nikikosea wimbo! Lakini wimbo ni wimbo. Kumwambia mkubwa anasema uongo, kwetu ni tusi. Unanyamaza, au unasema labda amesahau. Wifi alikuwa mkali kwa hilo kuliko sisi wote, mtaa mzima ulimsifu kwa malezi. Malezi hayohayo leo yamemfunga mwanawe mdomo, na mwenyewe yuko kaburini. Nililia chooni, sikutaka Sisimizi anione.

Wakili wa mdogo wangu akasema, kwa upole tena, amekaa kama walivyokubaliana: mtoto hajui ukweli ni nini, asisikilizwe. Hakimu kasema atamjaribu mara moja zaidi, kesho. Akishindwa, hatasikilizwa.

Nje nikamweleza afisa ustawi. Akashika kichwa. Pazia, kiti, mpaka peremende walivifikiria, hili hapana. Ataomba hakimu aulize kwa mfano wa mtoto mwenzake, si wa mtu mzima. Hana hakika kama wakili hatapinga.

Mama aliposikia habari ya tembo alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema Mungu kajibu. Wewe nyamaza tu, mwanangu, hujasema uongo wowote.

Nyamaza tu. Hata jiwe linaweza.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi, kabla ya kutoka. Sisimizi hajagusa chai. Mara akaniuliza: shangazi, mkubwa akisema uongo, nikimwambia ni uongo, nitapigwa?

Nikasema hapana. Hakuna atakayekupiga. — Huko ndiko kumfundisha? Sijui. Wanifunge na mimi.

Akafikiri kidogo. Akauliza: basi bibi akisema mama aliteleza, ule ni uongo?

Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua tu.

Mama alikuwepo, kikombe mkononi. Hakunywa wala hakukiweka chini. Alinitazama mimi, si mtoto.

Nimemwambia Sisimizi akaoge kwanza, tutachelewa. Naandika hapahapa mezani. Nasikia maji yanamwagika bafuni. Yakikoma atatoka, na atauliza tena.