Nusu ya Joho Lako

Mpendwa Kulwa, pacha wangu,

Mwangaluka. Najua huitikii, lakini sikulelewa kuanza maneno bila salamu.

Jumatatu alikuja mwenzako uliyelala naye chumba kimoja kule chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa. Alishuka kwenye lori la pamba, suruali yake nyeupe imejaa vumbi, akaniita dada. Akasema waliosoma pale zamani sasa wana chama chao, na chuo kimejenga ukumbi ambamo watatundika vitu vya wale waliotangulia. "Hapa Mwamapalala, aliyepata shahada kwanza ni Kulwa," akasema. "Tunaomba joho lake."

Nikacheka peke yangu. Joho! Wewe unajua kwa nini.

Nyumbani kwetu pacha hakupewa kitu peke yake. Uliponunuliwa kaptura ya shule, na mimi nilinunuliwa gauni siku hiyo hiyo. Shule tu ndiyo haikugawanywa. Ulikwenda wewe, mimi nikabaki na ng'ombe. Ndipo kila likizo ukawa unatandaza majivu chini na kunichorea herufi. "Soma, Doto, tuwe sawa." Bila wewe nisingeweza kuandika barua hii. Lakini uliporudi likizo ya kwanza ya chuo kikuu, nilitandaza majivu mwenyewe nikakungoja, ukasema, "Haya ya sasa hayagawanyiki." Niliumia, Kulwa. Sikukwambia.

Halafu ukaja na shahada na lile joho jeusi, kijiji kizima kikajaa uani kukushangaa. Mayu alipokuona umelivaa peke yako alipiga kelele. "Unataka kuniulia mtoto mmoja?" Akaleta kisu. Weee, msomi mzima! Hukubisha hata neno. Ulilivua, ukalikata kuanzia kolani mpaka chini, ukanivika nusu. Tulicheka siku ile mpaka machozi yakatutoka.

Machozi mengine sikuruhusiwa. Homa ilikuchukua kabla pamba ya mwaka ule haijachumwa, wakakuzika na nusu yako. Mimi walinifungia ndani. "Ukimlilia pacha wako atakuja kukuchukua," wazee waliniambia. Nikajikaza. Hata Mayu alipofariki nilibana meno, nikiogopa kwamba nikianza nitakulilia na wewe.

Basi nikamtolea mgeni nusu yangu. Aliikunjua, akaigeuza huku na huku, akauliza nyingine iko wapi. Nikamwonyesha kaburi. Akaikunja polepole, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada. Wanataka joho zima."

Aliandika jina lako kwenye daftari lake. La kwangu hakuuliza, na kwa nini aulize? Nilimpa maziwa akanywa, lori likampitia.

Vumbi lake halijatulia nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, Kulwa, miaka yote ile ikatoka kwa pamoja, na sikuogopa tena. Nilipanguza uso, nikaenda kwa jirani nikamkabidhi ng'ombe, nikarudi kukaa kwenye kaburi lako nimejifunika nusu yangu. Nilikuwa tayari.

Leo ni siku ya tano. Ng'ombe nimewafuata kwa jirani, wanalia kutaka kukamuliwa. Nimesonga ugali wa mtu mmoja.

Hukuja kunichukua.

Mimi pacha wako uliyemwacha,
Doto